Kwa nini rangi ya taa hubadilisha picha nyeusi na nyeupe

Swali: "Ninachapa picha nyeusi na nyeupe nyumbani, kwenye chumba kidogo nilichokiziba mwanga. Filamu naisafisha gizani kabisa, karatasi naishughulikia chini ya balbu nyekundu. Hivi karibuni balbu ya enlaja (mashine ya kukuzia picha) iliungua, nikaweka balbu nyeupe ya LED ya kawaida. Tangu hapo filta zangu za kontrasti (ukali wa tofauti kati ya nyeusi na nyeupe) hazifuati tena namba zake. Namba 2 inanipa picha kali kupita kiasi, na kuanzia namba 3 kwenda juu sioni tofauti kubwa. Isitoshe, kingo nyeupe za picha zimeanza kuwa na ukijivu hafifu. Kama picha yenyewe haina rangi, kwa nini rangi ya taa inasumbua hivi?"

Ndugu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na karibu yote yana chanzo kimoja. Filamu na karatasi ya picha hazioni kama jicho lako linavyoona. Kila moja ina rangi inazoziona vizuri, rangi inazoziona kwa shida, na rangi ambazo kwake ni giza tupu. Jicho likiitazama balbu nyeupe linaona weupe na kuridhika. Karatasi haijali weupe huo. Kinachoigusa ni kiasi cha buluu na kiasi cha kijani kilichomo ndani ya mwanga. Ukiipima kila taa kwa mizani hiyo, iwe ya enlaja, ya ukutani au ya simu mfukoni, sehemu kubwa ya matatizo ya chumba cha giza utaitambua mwenyewe.

Tuanzie kwenye chumvi ya fedha. Ndani ya emulsheni, yaani tabaka linalohisi mwanga juu ya filamu au karatasi, kuna fuwele ndogo sana za bromidi ya fedha, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na kloridi au iodidi. Ili fuwele ibadilike, chembe ya mwanga lazima iwe na nishati ya kutosha kung'oa elektroni ndani yake. Kwa bromidi ya fedha nishati hiyo ni takriban elektronivolti 2.6. Chembe ya mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 ina kama 2.75, kwa hiyo inavuka kizingiti. Chembe ya mwanga mwekundu wa nanomita 650 ina 1.9 tu. Wingi haufui dafu hapa, kwa sababu kila chembe hufanya kazi peke yake. Ukirundika chembe nyekundu elfu moja, hakuna hata moja itakayovuka. Ndiyo maana chini ya taa nyekundu safi unaweza kumwaga dawa, kusogeza trei na kuitazama picha ikijitokeza bila karatasi kudhurika.

Kwa asili, basi, emulsheni huona urujuanimno, urujuani na buluu, basi. Wapiga picha wa karne ya 19 waliishi na upofu huo. Anga la buluu lilitoka jeupe tupu bila hata wingu moja, na kitambaa chekundu kilitoka cheusi tii. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alitengeneza baadhi ya picha zake za bahari kwa kuunganisha negativu mbili (picha zilizogeuzwa, penye mwanga pakiwa peusi), moja ya anga na nyingine ya maji, kwa sababu muda uliolitosha tabaka la maji ulikuwa unaliunguza anga. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, akiwa Berlin, aligundua kwamba rangi fulani za kemikali zikiongezwa kwenye emulsheni, fuwele huanza kuitikia mwanga ambao mwanzoni ziliupuuza. Rangi hiyo hunasa mwanga wa kijani, kisha humkabidhi jirani yake, yaani fuwele, elektroni iliyopatikana. Hapo ndipo zilipotokea emulsheni za ortokromatiki, zinazoona buluu na kijani. Zilizofuata ni za pankromatiki, zinazoona hadi nyekundu; sahani za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1906 na kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza.

Filamu nyingi unazonunua leo ni za pankromatiki. Zinaona nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo hakuna rangi ya taa iliyo salama kwake, na giza kamili halina mbadala. Pengine umewahi kusikia kwamba mafundi wa zamani walikuwa na taa ya kijani iliyokolea kwa ajili ya filamu za pankromatiki. Ni kweli, lakini sababu yake haikuwa upofu wa filamu. Jicho lililozoea giza huona vizuri zaidi karibu na nanomita 507, yaani kwenye kijani chenye ubuluu. Taa hafifu mno ya rangi hiyo ilimtosha fundi kuitupia negativu jicho kwa sekunde chache, baada ya filamu kufika katikati ya kusafishwa. Ni kazi ya mikono iliyozoea, na mimi simshauri mtu yeyote aanze nayo. Saa yenye mishale inayong'aa gizani, taa ndogo ya kwenye chaja na kioo cha simu vyote vitoke chumbani kabla hujafungua kasha la filamu.

Kwenye kamera rangi ya mwanga hufanya kazi yake mapema zaidi, na nitapita haraka maana swali lako liko ndani ya chumba cha giza. Chukua ua jekundu lililo katikati ya majani mabichi. Kwa jicho vitu hivyo viwili vinaachana kabisa, lakini kwenye filamu ya pankromatiki vinaweza kutoka na kijivu kinachokaribiana kiasi kwamba ua linapotea. Weka filta nyekundu mbele ya lenzi, ua linang'aa na majani yanashuka gizani. Weka ya kijani, mambo yanageuka. Filta huangaza rangi yake na kutia giza rangi iliyo kinyume chake, na ndiyo maana filta nyekundu hulifanya anga la buluu kuwa zito na mawingu yakasimama. Unalipia kwa mwanga: filta nyekundu iliyokolea hula kama stopu tatu, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Mwanga wenyewe una rangi pia. Filamu ya Ortho Plus ya kampuni ya Ilford, ambayo haioni nyekundu, hupewa ISO 80 (kipimo cha wepesi wa filamu kuuona mwanga) kwenye mwanga wa mchana na 40 chini ya balbu za waya, zile za zamani zenye waya unaowaka, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wa balbu hizo iko upande ambao filamu hiyo haiuoni.

Sasa karatasi, ambako ndiko balbu yako mpya imekuvurugia kazi.

Karatasi za zamani zilikuwa na gredi maalumu, yaani kila pakiti na kiwango chake cha kontrasti. Ulinunua pakiti ya gredi 2 kwa negativu za kawaida na pakiti ya gredi 4 kwa negativu zilizolegea, yaani zenye kontrasti ndogo. Emulsheni yake iliona buluu tu, na rangi ya taa ya enlaja ilibadilisha muda wa kumulika lakini kontrasti iliibakiza palepale. Mwaka 1940 Ilford walitoa karatasi ya Multigrade, na tangu hapo kontrasti ikawa kitu kinachoamuliwa na rangi ya mwanga. Karatasi unayoitumia, kwa kuwa una filta zenye namba, ni ya ukoo huo.

Inafanyaje kazi? Emulsheni yake ni mchanganyiko wa emulsheni tatu kwenye karatasi moja. Zote tatu zinaiona buluu kwa kiwango sawa. Kwenye kijani zinatofautiana: moja inakiona vizuri, ya pili kwa wastani, ya tatu kwa shida. Ukimulika kwa mwanga wa buluu, zote tatu huamka kwa pamoja na weusi wake hujumlishana papo hapo. Ongezeko dogo la mwanga linakutoa kwenye nyeupe hadi nyeusi, na picha inakuwa kali. Ukimulika kwa kijani, ya kwanza huanza kufanya kazi wakati nyingine bado zimelala; ya pili hufuata mwanga ukizidi, ya tatu huja mwisho kabisa. Safari kutoka nyeupe hadi nyeusi inakuwa ndefu, yenye kijivu nyingi katikati, na hiyo ndiyo picha laini.

Filta zako ni njia tu ya kugawa buluu na kijani. Za namba ndogo zina umanjano, na manjano huzuia buluu na kuruhusu kijani. Za namba kubwa ni majenta (wekundu wa zambarau), na majenta huzuia kijani na kuruhusu buluu. Nyekundu hupita kwenye filta zote mbili, lakini karatasi haiioni, kwa hiyo haina athari. Ndiyo maana enlaja yenye kichwa cha rangi inaweza kukupa gredi zote kwa kuzungusha manjano na majenta peke yake. Kitufe cha sayani (buluu yenye ukijani) huzuia nyekundu, na kwa karatasi yetu nyekundu haikuwepo tangu mwanzo. Kiache kwenye sifuri. Kile kioo chekundu kinachoning'inia chini ya lenzi ya enlaja nacho ni mantiki ileile: unaiona picha juu ya karatasi, unaipanga unavyotaka, na karatasi haijui lolote.

Kuna jambo ningependa ulijaribu kwa mkono wako, kwa sababu linafundisha kuliko maelezo yote. Chagua negativu ya mtu aliyekaa kando ya dirisha, shavu moja kwenye mwanga na jingine kivulini, akiwa na nywele nyeusi au koti jeusi. Weka filta namba 00 na umulike vipande vya majaribio mpaka shavu la upande wa dirisha lipate kijivu chepesi unachokitaka. Utaona kwamba koti ni kijivu chakavu kisicho na uzito. Chukua karatasi nyingine, irudishie muda huohuo wa 00, kisha bila kusogeza chochote badilisha filta uweke namba 5 na uongeze mwanga kwa hatua za sekunde chache. Angalia hatua moja baada ya nyingine. Koti linazidi kuwa jeusi, mikunjo yake inajitokeza kisha inazama, lakini shavu linabaki karibu vilevile. Kijani kimejenga sehemu nyepesi, buluu imejenga weusi. Wachapaji wengi hufanya kazi zao zote kwa njia hii ya mimuliko miwili, na mimi ni mmoja wao, hasa kwa negativu ngumu. Inakupa usukani wa weupe na usukani wa weusi, kila mmoja peke yake, badala ya kubahatisha namba ya gredi halafu kuufukuzia muda.

Turudi kwenye balbu. Balbu ya waya ina buluu kidogo, kijani zaidi, nyekundu tele, na mwanga wake unapanda taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine bila mashimo. Watengenezaji wa filta walipanga namba zao juu ya mwanga wa aina hiyo. Balbu nyeupe ya LED imeundwa kwa namna nyingine kabisa. Ndani yake kuna LED ya buluu, kwa kawaida karibu na nanomita 450, iliyofunikwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu. Ukiuchora mwanga wake unaona mlima mkali kwenye buluu, bonde karibu na 480, halafu kilima kipana kuanzia kijani kwenda nyekundu. Jicho linachanganya yote na kuona weupe.

Uwiano wa mlima na kilima hutegemea aina ya balbu. Iliyoandikwa 6500K, ile yenye weupe wa ubuluu, ina mlima mkubwa. Ya 2700K, yenye weupe wa umanjano, ina mlima mdogo. Kutokana na dalili ulizozitaja, inaelekea umeweka ile yenye ubuluu. Buluu imezidi, kwa hiyo hata namba 2 inatoa ukali. Kisha ukipanda namba 3, 4 na 5, filta inaondoa kijani ambacho tayari uzito wake ulikuwa mdogo mbele ya buluu, kwa hiyo mabadiliko yanakuwa madogo. Filta zako hazijaharibika. Zinagawa mwanga ambao hazikupangiwa.

Hata muda wa kumulika hautafuata tena kanuni uliyoizoea. Kwa filta za Ilford, namba 00 hadi 3½ zimepangwa zitumie muda mmoja, na 4 hadi 5 muda maradufu, ili kijivu cha kati kisihame unapobadilisha gredi. Mpango huo unashikilia kwenye balbu ya waya. Kwenye LED usiutegemee.

Cha kufanya? Rahisi kuliko yote ni kurudi kwenye balbu ya waya ya maziwa iliyotengenezwa kwa ajili ya enlaja. Usiweke ya kawaida yenye maandishi juu ya kioo, maana maandishi yanaweza kujitokeza kama kivuli kwenye picha. Kama balbu hizo zimeadimika, jaribu LED ya 2700K au 3000K, halafu upime upya gredi zako. Kwa kupima, tafuta kipande cha hatua cha Stouffer, yaani ukanda wa filamu unaozidi kuwa mweusi ngazi kwa ngazi, chenye hatua 21. Kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu stopu, yaani densiti 0.15. Kibandike moja kwa moja juu ya karatasi, umulike kwa filta moja, usafishe kikamilifu, kisha uhesabu hatua kuanzia kijivu cha kwanza unachoweza kukitofautisha na nyeupe hadi karibu na weusi kamili. Gredi 2 ya kawaida inakaa kwenye hatua kama 7. Namba 00 inafika karibu 12, na namba 5 inabana kwenye hatua kama 3. Fanya hivyo kwa kila filta uliyonayo na uandike matokeo ukutani. Ikiwa filta yenye namba 2 inakupa hatua 5, basi kwenye enlaja yako hiyo si gredi 2, na huna sababu ya kubishana na karatasi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa anayejua kuunganisha nyaya: kichwa chenye LED za buluu za nanomita 450 hivi na LED za kijani za 525 hivi, kila rangi na swichi yake. Huhitaji filta tena. Unamulika kijani kwa sekunde kadhaa, buluu kwa sekunde kadhaa, na gredi zote zimo kati ya hizo mbili. Ukiongeza LED nyekundu unapata mwanga wa kupangia picha usioigusa karatasi.

Nikiwa hapo kwenye balbu, nigusie umeme. Mwanga wa balbu ya waya hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikipungua kwa asilimia 5, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 16. Waya ukipoa kidogo, mwanga unakuwa mwekundu zaidi na buluu ndiyo inayopungua kuliko zote. Ukiona picha mbili zilizochapwa kwa muda na filta ileile zinatofautiana, moja nyepesi na laini kidogo kuliko mwenzake, shuku umeme kabla ya kushuku dawa. Kwa sababu hiyohiyo usifunge swichi ya kufifisha mwanga kwenye enlaja ya karatasi hizi. Utapunguza mwanga na kontrasti kwa pamoja bila kukusudia. Punguza kwa kubana tundu la lenzi.

Negativu nayo inaweza kuwa filta. Ukichapa negativu ya filamu ya rangi kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, ule urangi wa chungwa wa filamu huzuia buluu nyingi, kwa hiyo muda unarefuka na picha inalegea. Utahitaji filta ngumu. Rangi nazo zinapotoka. Nguo nyekundu imeandikwa kwenye negativu kama sayani, ambayo inapitisha buluu na kijani kwenda kwenye karatasi, na nguo inatoka nyeusi. Anga la buluu limeandikwa kama manjano, ambayo inazuia buluu, na anga linatoka jeupe, kama kwenye picha za wakati wa Le Gray. Filamu iliyosafishwa kwa developa (dawa ya kuitokeza picha) ya aina ya pairo nayo hubaki na doa la manjano-kahawia, ambalo huongezeka pale negativu ilipo nzito. Kwenye karatasi ya Multigrade doa hilo hufanya kazi kama filta laini palepale kwenye sehemu nyepesi za picha. Wapo wanaolitafuta doa hilo kwa makusudi ili mawingu na vitambaa vyeupe visipoteze maelezo.

Imebaki kingo za kijivu. Hapa twende taratibu, kwa sababu lawama hupelekwa kwenye taa nyekundu hata pale isipohusika.

Wakati wa kumulika, kingo za karatasi yako zimefunikwa na vyuma vya fremu. Mwanga wa enlaja haukuzifikia. Kama zina kijivu, karatasi ilipata mwanga kabla au baada ya kuwa ndani ya fremu, au karatasi yenyewe imechakaa. Kata kipande cha karatasi gizani, bila hata taa nyekundu, na ukigawe mara mbili. Nusu ya kwanza iingize moja kwa moja kwenye fiksa (dawa inayoifanya karatasi isihisi mwanga tena) bila kuipitisha kwenye developa. Huo ndio weupe wa kweli wa karatasi yako. Nusu ya pili ipitishe kwenye developa kwa muda wa kawaida, kisha fiksa, bado gizani. Zikikauka, ziweke bega kwa bega kwenye mwanga wa mchana. Kama ya pili ina ukijivu, tatizo liko kwenye karatasi au developa: pakiti imezeeka, imekaa kwenye joto, au dawa ni mbovu. Kama zote ni nyeupe sawa, hapo sasa igeukie taa.

Kwa taa, jaribio la kuweka sarafu juu ya karatasi mpya na kuiacha chini ya taa nyekundu ni jaribio nusu, na limewapa watu wengi imani isiyo na msingi. Karatasi ina kizingiti. Mwanga mdogo ukiwa peke yake hauachi alama, kwa hiyo sarafu haitaonekana na utasema taa ni salama. Lakini karatasi iliyokwisha kumulikwa chini ya enlaja tayari imevuka kizingiti, na mwanga uleule mdogo wa taa unajumlishwa juu yake. Weupe wa shavu na wa mawingu ndio unaoanza kuchafuka, muda mrefu kabla kingo hazijaonyesha dalili.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima taa nyekundu. Bila negativu, mulika karatasi kwa enlaja, tundu la lenzi likiwa limebanwa, kwa muda utakaoipa kijivu chepesi sana; huo muda utautafuta kwanza kwa vipande. Kisha iweke karatasi pale trei ya developa inapokaa, uso juu, na uweke sarafu juu yake. Washa taa nyekundu. Funika sehemu ya karatasi kwa kadi na uisogeze ili upate sehemu za dakika 1, 2, 4 na 8. Zima taa, safisha gizani. Kama umbo la sarafu linaonekana kwenye dakika 4, ujue karatasi yako haipaswi kukaa chini ya taa hiyo zaidi ya kama nusu ya muda huo, tangu inapotoka kwenye pakiti hadi inapoingia kwenye fiksa. Rudia jaribio ukibadilisha karatasi, kwa maana aina moja inaweza kuvumilia taa ambayo nyingine haivumilii.

Hukusema balbu yako nyekundu ni ya aina gani. Kama ni balbu ya mapambo iliyopakwa rangi, nina shaka nayo. Rangi hiyo hupauka na kuchubuka, na mara nyingi huvujisha kijani na buluu ambazo jicho halizioni kwa kuwa nyekundu imezifunika. LED nyekundu yenyewe, isiyo nyeupe iliyopakwa rangi, hutoa ukanda mwembamba karibu na nanomita 630 na kwa kawaida ni safi. Kuna njia ya haraka ya kuikagua: chukua CD, iinamishe mpaka uone mwako wa taa ukitawanyika juu ya uso wake. Ukiona nyekundu peke yake, endelea kwenye jaribio la sarafu. Ukiona utepe wa kijani au wa buluu kando yake, itoe chumbani leo. CD inaweza kuikataa taa mbaya, lakini haiwezi kuithibitisha nzuri. Hilo ni la karatasi.

Nguvu na umbali navyo vina uzito. Filta ya Ilford 902, yenye rangi ya kahawia nyepesi, ilipangwa itumike na balbu ya wati 15 na karatasi isikae karibu zaidi ya mita 1.2. Watu huogopa nyekundu hafifu na kupenda kahawia kwa sababu jicho linaona vizuri zaidi chini yake, na kwa karatasi za kawaida inafaa. Ila ukianza kutumia filamu za ortokromatiki kwa kazi za chumba cha giza, kahawia na kaharabu zina kijani cha kutosha kuziunguza. Hizo zinataka nyekundu iliyokolea.

Na usihukumu picha ikiwa bado chini ya taa nyekundu. Pale huonekana nzito kuliko ilivyo, na mkono unashawishika kuitoa kwenye developa kabla ya wakati. Weusi unabaki wa matope, halafu filta inasingiziwa. Karatasi ya plastiki iache dakika 1 kamili kwenye developa iliyo nyuzi 20, ile ya nyuzinyuzi dakika 2, isitoke hata kama inaonekana imeshaiva. Ukiona imezidi weusi kwenye mwanga mweupe, punguza muda wa enlaja.

Ningekuwa mahali pako, ningeanza na vile vipande viwili vya fiksa na developa usiku huohuo, kwa kuwa havihitaji kununua chochote, na ukijivu ukitoka kwenye karatasi iliyozeeka hakuna balbu itakayokuponya. Baada ya hapo ondoa LED ya ubuluu. Ukiweka balbu yoyote mpya, chapa kwanza negativu unayoijua vizuri kwa filta namba 2, uilinganishe na picha yake ya zamani, ndipo uguse negativu mpya.